Sikuzani wa Cheyo na Mkanda wa Taifa

Sikuzani binti Lugembe aliuza asali katika soko la Tabora, na aliuza vizuri kwa sababu hakumbembeleza mtu. Mteja akiuliza kama asali imechanganywa, humjibu, "Nimeichanganya na nyuki. Unanunua au unahoji?" Aliolewa mara mbili, akaachika mara mbili, na kila mara alirudi mtaa wa Cheyo kwa baba yake na godoro lake kichwani. Nyumba ile ilikuwa na chumba cha uani kisicho na mtu, na chumba hicho ndicho kilichomwingiza katika mambo ya utamaduni.

Miaka ile baada ya Azimio la Arusha wakubwa waligundua kwamba taifa lina utamaduni, na kwamba usipokusanywa utaisha. Wakaanza kutuma vijana mikoani: mwezi huu mpiga picha, mwezi ujao mtafiti wa ngoma. Kila mmoja akae wiki chache nyumbani kwa raia, ale wanachokula, akusanye anachokusanya, aondoke. Ofisa utamaduni wa mjini, Bwana Wenceslaus, mtu wa Bukoba ambaye suruali yake ilipigwa pasi mpaka ungedhani ingesimama bila yeye, alichagua chumba cha Sikuzani kwa kuwa paa lake halikuvuja.

"Wageni watakula chakula cha kawaida," alisema.

"Sawa. Tutaona kama na wao ni wa kawaida."

Wa kwanza walipita bila kuacha kumbukumbu, ila mmoja aliyeogopa bata. Kisha akaja Kondo, kijana wa Dar es Salaam aliyesomea kazi za redio, na mashine ya kurekodi nzito kama jiwe la kusagia. Alitaka nyimbo za wapagazi. Mzee Lugembe, baba yake Sikuzani, aliwahi kubeba mizigo kwa miguu hadi Bagamoyo katika ujana wake, kabla reli haijayapa mabega ya Wanyamwezi likizo.

"Shikamoo, mzee," Kondo alisema mlangoni, kichwa kimeinama.

"Marahaba, mwanangu. Kabila gani?"

"Mzaramo."

"Nirudishie marahaba yangu! Sikuzani, funga kuku, mwizi kaingia!"

Kondo akainua kichwa, adabu imekwisha. "Kumbe Mnyamwezi! Ndiyo maana shingo imezama. Mzigo uliutua lini, babu, au bado uko juu?"

Tangu hapo wakapendana sana. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara. Mpagazi alifika pwani hoi, akalala kwa Mzaramo, pengine akafa na kuzikwa na Mzaramo huyohuyo, na watu waliozikana hawana tena cha kuoneana haya. Mtani akikutukana hununi. Akinyakua kitu chako hushtaki. Unakikomboa kwa zawadi, naye anaweza kukwambia zawadi haitoshi.

Mchana mzee aliimba, mashine ikazunguka. Sikuzani alipita na sufuria zake bila kusimama, ila jioni moja aliuliza, "Hiyo sauti ya baba inakwenda wapi?"

"Dar. Wanachagua nzuri, wanaitunza."

"Isiyochaguliwa?"

Kondo alikuna kichwa. "Mikanda ni michache, dada. Inafutwa, inarekodiwa hotuba."

Sikuzani akaendelea kuchuja asali.

Kabla mwezi haujaisha Mzee Lugembe aliugua kifua, akafariki. Mazishini Kondo alifanya kazi yake ya utani kama alivyofundishwa na wajomba zake. Alivaa kanzu ya marehemu, akashika fimbo yake, akatembea uani kwa kuchechemea kama yeye huku akikohoa na kudai uji. Waliokuwa wanalia wakacheka, kisha wakalia zaidi. Jeneza lilipotaka kutoka, akalala kizingitini. "Haondoki! Mbahili huyu hajanilipa marahaba yangu!" Sikuzani akamtupia shilingi na tusi, ndipo akasimama, akawa wa kwanza kubeba.

Bwana Wenceslaus alishuhudia yote hayo kofia mkononi. Kwao Bukoba hakuwahi kuona mtu akimwiga maiti mbele ya mwanawe. Aliona kijana wa serikali amerukwa na akili. Kesho yake alikuja Cheyo: ziara ya Kondo imefutwa, apande treni ya siku ileile, na mikanda yote irudi Dar kama kazi iliyoharibika.

Kazi iliyoharibika haichaguliwi. Sikuzani alilijua hilo. Kondo alipokuwa akifunga mizigo, aliingia chumbani, akachukua mkanda wenye sauti ya baba yake, akautia ndani ya kanga na kufunga fundo.

"Nimeteka, mtani."

Wenceslaus alikuwa mlangoni, akisubiri mikanda.

"Mama, huo ni mkanda wa taifa!" Wenceslaus alipaza sauti.

"Benki mmechukua, viwanda mmechukua. Baba hamumchukui."

"Kondo, mwambie arudishe!"

"Siwezi, bwana. Ni mtani wangu. Nikishtaki, kwetu sitazikwa."

Wenceslaus alitazama fundo la kanga, akaona lilipo si mahali pa kupekua. Akasema ataripoti. Akaripoti.

Sikuzani akabaki na mkanda, hana cha kuuchezea. Wageni wengine hawakuletwa tena. Wenzake sokoni walimtania: "Dada, baba anasemaje leo?" Akawajibu kwamba baba anauliza mtalipa lini asali.

Mwaka uliofuata, wakati wa likizo yake, Kondo alishuka stesheni na gunia la nazi na mashine ya kuazima.

"Nimekuja kukomboa."

Sikuzani alizigonga nazi mojamoja. "Hizi nazi au makumbi? Weka mashine."

Mzee Lugembe akatoka kwenye mkanda akiwa mzima: alitukana Wazaramo, akakohoa, kisha akaanza wimbo wa mpagazi anayelalamikia tumbo la tajiri wake. Sikuzani alikuwa amesimama na mwiko. Wimbo ulipofika kwenye kiitikio, aliitikia. Hakuna aliyemfundisha, alikuwa ameusikia jikoni maisha yake yote. Mkanda ulipofika mwisho alisema, "Rudisha mwanzo," na safari hii akauimba wimbo wote pamoja na baba yake, kwa sauti ya kuitia wanunuzi.

"Mtani," Kondo alisema, "ninao mkanda mtupu."

"Nazi hazitoshi kuniondolea baba."

"Simtaki baba yako. Imba wewe."

Akafikiri kidogo, akauweka mwiko chini.

Mkanda uliokwenda Dar una Sikuzani, Kondo akimwitikia vibaya kwa Kinyamwezi cha kupapasa. Haijulikani kama ulichaguliwa. Wa Lugembe ulibaki Cheyo, kwenye fundo la kanga ileile, na jioni ile walikula wali wa nazi, Sikuzani akilalamika kwamba umepoa.