Boriti za Ibra na Hekalu la Mbao

Nafundisha historia ya sanaa chuoni Nizwa, Omani, na mwaka ule tulikuwa tumefika kwenye majengo ya Kijapani. Kila Alkhamisi nikitoka kazini nilipita Izki, nikashika njia ya Ibra kwa mama yangu, na vitabu vya picha vimelala kiti cha nyuma.

Mama alizaliwa Unguja, akaja Omani msichana mdogo. Nyumba ya udongo aliyofikia, ya babu yake, ilikuwa bado imesimama mtaa wa kale, haina mtu, paa limeanza kubonyea. Kaka yangu alitaka kuzitoa boriti kabla hazijaoza, aezekee chumba alichokuwa akijenga mjini Al Kamil. Mama akakataa. "Nyumba ya babu haivunjwi nami ni hai," akasema, na maneno yakaishia hapo.

Alasiri moja alikuwa amejinyoosha sebuleni, nami nimekaa chini ubavuni pake. Nikamfunulia picha ya nyumba yenye milango ya karatasi.

"Karatasi? Na mvua jee?"

"Paa limetoka nje sana, mama. Mvua haifiki, na jua huingia limechujika."

Akafumba macho. Akasema nuru hiyo anaijua, ni ya asubuhi ndani ya chandarua, utotoni mwake Unguja. Pazia likawa linapanda na kushuka. Sikujua kama kalala; nikaendelea kusimulia polepole, kama ninayembembeleza, habari za hekalu la mbao linalojengwa upya kila miaka ishirini, kando ya lile lililopo, kwa vipimo vile vile.

"Na lile la zamani?" akauliza, macho kayafumba bado.

"Hubomolewa. Mbao zake hupelekwa mahekalu mengine."

"Na wenyewe husema ni jipya au la kale?"

"La kale, mama. La kale sana."

Wiki iliyofuata, tukinywa kahawa, akaniambia, "Mwambie kaka yako alete mafundi, wazitoe boriti. Lakini na mimi niwepo."

Siku ya kazi alisimama kanishika mkono. Paa lilipofunguka, jua likaingia chumba ambacho halijapata kukiona, na vumbi likaelea juu yetu kama moshi wa udi. Mafundi wakazishusha boriti moja moja, za mikoko, zilizoletwa zamani kutoka pwani ya Afrika.

"Usiku wangu wa kwanza nililala hapa," mama akasema. "Kiarabu sikijui, nalia. Nikatazama juu, nikaona boriti kama za kwetu. Ndipo nikapata usingizi."

Miaka yote hiyo hakuwahi kunieleza. Nikamkaza mkono.

Chumba cha Al Kamil kikaisha. Mvua za baridi zikaja, na kuta za nyumba ya Ibra, sasa haina paa, zikaanza kuyeyuka. Niliogopa kumpeleka, lakini alitaka mwenyewe. Akapitisha kiganja kwenye udongo mbichi, akaomba dua, akanambia twende zetu. Njiani akaniuliza Wajapani asubuhi hula nini.