Bunduki ya Bi Verlene Ilivyokwama

Mpaka leo nikimwona Orrin Stucky dukani nahamia foleni nyingine. Watu wananiambia, Pruitt, mbona mkewe mwenyewe bado anaishi naye, wewe unanuna kama nani? Mimi ndiye niliyeshika saa siku ile, na hasira zangu sijazimaliza.

Bi Verlene, mkewe Orrin, aliendesha basi la shule hapa Cordell Wells miaka thelathini na mmoja. Nusu ya klabu yetu ya kulenga shabaha tulipanda basi lake tukiwa na makamasi puani. Mimi alinishusha siku moja katikati ya jangwa nitembee maili nzima, kwa sababu nilimtupia mwenzangu chungwa. Ni mwanamke mfupi, mwenye sauti nene, asiyerudia neno. Alipostaafu aliitoa kabatini bunduki ya baba yake, akashona sketi ndefu ya kizamani, akaja uwanjani kwetu. Huko kila Jumamosi ya pili ya mwezi tunavaa makofia na mabuti ya wachunga ng'ombe wa kale na kushindana kupiga vibao vya chuma. Kila mtu ana jina lake la mchezo, na yeye tulimwita Mama Masizi.

Jina lilitokana na baruti. Wengi wetu tunatumia ya kisasa isiyo na moshi, kwa sababu ni safi na sisi ni wavivu. Yeye alitaka ile nyeusi ya zamani. Ukipiga risasi kumi za baruti nyeusi unabaki ndani ya wingu jeupe linalonuka mayai viza, na bunduki imejaa masizi. Bunduki zetu ni za wenzo, yaani mkono wa chuma ulio chini ya bunduki: unausukuma chini, ganda tupu linaruka nje, unaurudisha juu, risasi mpya inaingia. Masizi yakiganda pale katikati wenzo unagoma, na siku yako imekwisha. Waliojaribu kumwiga Bi Verlene walikwama wakarudi kwenye baruti safi.

Yeye hakukwama hata mara moja kwa miaka kumi. Maganda ya risasi zake yalikuwa membamba, yakipata moto yanatanuka na kuuziba moshi usirudi nyuma. Risasi zenyewe alizipaka mafuta ya kondoo na nta ya nyuki, mchanganyiko aliouchemsha jikoni kwake. Jioni aliiosha bunduki kwa sabuni na maji ya moto. Na kila mgeni aliyemsogelea alipewa somo lile lile, kidole kikiwa juu: "Baruti nyeusi na mafuta ya injini havikai pamoja. Ukivichanganya unapata lami. Wewe umekuja kupiga risasi au kujenga barabara?"

Orrin alilisikia somo hilo mara mia, amekaa pembeni na kahawa yake.

Januari mwaka jana Bi Verlene aliteleza kwenye barafu ya ngazini akienda kuwalisha kuku, akavunjika bega la kulia. Alikuwa na miaka sabini na mmoja. Baada ya upasuaji alipewa mpira wa kuvuta, akaufunga kwenye kitasa cha mlango wa jikoni, akawa anauvuta mara mia kila asubuhi. Orrin alikaa mezani akimhesabia. Na Orrin huyo huyo akamwambia, "Usiusumbue mkono, mama. Bunduki nitakuwa nakusafishia mimi." Sote tulimsifu. Mimi nilimpiga begani nikamwambia wanaume wa aina yake wameadimika.

Juni Bi Verlene akarudi uwanjani. Kwenye risasi ya saba wenzo ukagoma, na watu wakatazama viatu vyao. Akaongeza mazoezi, mara mia mbili badala ya mia. Julai bunduki ikakwama risasi ya tano.

"Ikikwama mara ya tatu naitundika ukutani," alitutangazia. "Sitaki kuwa bibi wa kusubiriwa."

Hapo ndipo nilipomfuata, na naona aibu kuliandika hili, nikamwambia tunahitaji mtu wa kuandikisha wageni pale mezani, kwenye kivuli. Alinitazama kama alivyonitazama siku ya chungwa, akaondoka.

Agosti ikafika. Kwetu anayepiga husimamiwa na watu watatu wa kuhesabu vibao alivyokosa, kila mmoja na fimbo yake, na siku hiyo Orrin alikuwa mmoja wao. Mimi nilikuwa nyuma ya bega la Bi Verlene na saa ya kupima muda wake. Alipiga moja, mbili, tatu. Ya nne haikuingia. Alisukuma wenzo kwa mikono yote miwili.

"Basi, Bi Verlene," nikasema. "Iweke mezani."

"Ndiyo mara ya tatu hii," akasema, akavua kofia.

Bunduki yenye risasi haiachwi hivyo, lazima ifunguliwe. Wapigaji wa baruti nyeusi hubeba kichupa cha maji kwa kazi hiyo, maana masizi yake hulainika kwa maji matupu. Nikachukua cha kwake, nikamimina juu ya uwazi wa kutolea maganda. Maji hayakuingia. Yalisimama matone matone juu ya weusi ule, yakabiringika, yakaanguka mezani.

Bi Verlene aliyaona. Akainama akanusa, kisha akapitisha kidole, kikatoka cheusi na kuteleza. Mtu aliyepima mafuta ya basi kila alfajiri miaka yote ile hahitaji kuelezwa harufu hiyo ni ya nini.

"Orrin," akaita. "Njoo hapa."

"Nahesabu, mama."

"Unahesabu nini na hakuna anayepiga? Njoo!"

Orrin akaja na fimbo yake.

"Vuta huo wenzo."

"Verlene, watu wanasubiri."

"Mimi nimewasubiri vituoni tangu wadogo, na mvua ikininyeshea. Leo zamu yao. Vuta."

Orrin ni mtu wa kubeba robota la nyasi kwa bega moja. Aliuelekeza mtutu kwenye tuta la udongo nyuma ya vibao, akavuta, akavuta tena mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Wenzo haukusogea.

"Kumbe na wewe mkono umekufa!" akasema Bi Verlene. Mtu mmoja nyuma alicheka, akajikatisha. "Umetia mafuta gani humu? Ya trekta au ya gari?"

"Ya gari. Kidogo tu."

"Ulisahau?"

Niliomba aseme ndiyo. Mzee kusahau si ajabu, tungemsamehe palepale.

"Sikusahau," akasema Orrin. "Nilikukuta pale ngazini nikajua umekufa. Nilitaka ukae nyumbani, basi."

"Si ungesema!"

"Nilisema! Wewe husikii!"

"Nilisikia nikakataa! Hilo ndilo lilikuwa jibu!" Sauti ilimkatika, akaipata tena. "Nimevuta ule mpira nalia, Orrin. Nalia, na wewe umekaa na kahawa yako, sitini na moja, sitini na mbili. Ulijua mkono ni mzima! Ulijua, na ukawa unanihesabia!"

Orrin alianza kulia. Sikumwonea huruma wakati ule na sasa pia nashindwa. Lakini zaidi nilijikasirikia mimi na wenzangu. Watu arobaini tunaojifanya mafundi wa bunduki, na hakuna hata mmoja aliyewaza kuifungua ile ya Bi Verlene. Tulimwona bibi kizee tukaona sababu imepatikana.

"Pruitt, unashangaa nini? Maji ya moto na sabuni!"

Nilikimbia. Bi Verlene alifungua skrubu za ubavuni, akatoa risasi zilizobaki, akasugua kwa zaidi ya nusu saa huku maji yakitoka mazito na meusi. Hakuna aliyethubutu kutazama saa yake. Mwenyekiti alikuja kumkumbusha kwamba sheria haimruhusu kurudia raundi iliyoharibika.

"Nani amekuomba? Napiga inayofuata."

Raundi iliyofuata wahesabu watatu walisimama na fimbo zao. Orrin alikuwa mmoja wao, macho bado yamelowa, kwa mazoea tu nadhani. Bi Verlene akageuka kabla hajatia risasi.

"Wewe hapana. Weka fimbo chini. Hutanihesabia tena."

Akaiweka, mtu mwingine akaiokota. Nikabonyeza saa, na risasi kumi zikatoka zote, moshi ukatufunika mpaka hatukuona vibao.

Wiki iliyopita nilikwenda kwao asubuhi kuchukua mayai. Ule mpira bado umefungwa kwenye kitasa. Bi Verlene alikuwa anauvuta, na Orrin yupo mezani na kahawa yake, ameinamisha kichwa. Safari hii Bi Verlene alikuwa anajihesabia mwenyewe, kwa ile sauti ya kuita watoto basini, sitini na moja, sitini na mbili, na kila namba alikuwa anamtazama mumewe.