Ulezi Niliowamwagia Kuku

Nilikulia Mlandege, Iringa, ambako kwetu unga ulitoka dukani. Kwa hiyo nilipoolewa vilimani juu ya Uyole, miaka ile ya hamsini, nilikuwa mjinga wa shamba, tena mjinga mwenye kiburi.

Jikoni kwa mama mkwe kulikuwa na kihenge kidogo cha ulezi, kimezibwa kwa udongo, na hakuna aliyekigusa. Aliposafiri kwenda kumwuguza dada yake, nikakifungua. Ulezi wenyewe ulikuwa umejaa vumbi, wa misimu sijui mingapi. Nyumba gani hii inayotunza uchafu jikoni? Nikaupepeta, nikatengeneza togwa ya ubatizo wa mwanangu, majirani wakanywa, wakanisifu. Uliobaki nikawamwagia kuku, kisha nikafagia vizuri kabisa.

Aliporudi alitazama pale palipokuwa na kihenge, akauliza, "Umeisha wote?"

Nikamjibu kwamba ulikuwa umezeeka.

"Ulezi hauzeeki, mwanangu," akasema, akachukua jembe akaenda kupalilia.

Mwaka uliofuata mvua ilikatika mwezi wa pili, mahindi yakiwa ndiyo kwanza yanatoa mbelewele. Yakanyauka yamesimama. Majirani walisema ukame wa namna ile hurudi kila baada ya miaka kadhaa, na ulezi, kwa kuwa haubunguliwi, huwekwa kwa ajili yake tu. Ndipo nilipoelewa kwamba nimewalisha kuku chakula cha mwanangu. Maziwa yalianza kunikauka. Nililia kila nilipochochea moto, na mama mkwe hakunikaripia hata mara moja, jambo lililoniuma kuliko matusi.

Siku tuliyokung'uta debe la mwisho la mahindi, aliniambia nihamishe kuni zilizopangwa pembeni mwa jiko. Akabomoa udongo wa ukuta uliokuwa nyuma ya kuni hizo, ulezi ukamwagika miguuni mwetu. Kuni zile nilikuwa nikizipanga mimi mwenyewe kila siku.

"Na mimi nilipoolewa niliwapikia wageni wangu ulezi wa kihenge," alisema. "Mama mkwe wangu alikuwa ameficha mwingine. Kila mwali anakuja hapa na kichwa chake, mwanangu. Ndiyo maana tunaweka mara mbili."

Nilimkasirikia kwa kuniacha nilie wiki zote zile, na nilimpenda papo hapo. Nikakaa mbele ya jiwe la kusagia, nikasaga.

Leo nami nina mkamwana. Kihenge kimoja nimemwonyesha.