Nilisikia Amri, Nikasema Sikusikia

Musomaji, mi ndiye mwenye kosa, hakuna mutu aliyenisukuma. Mi ni kambo, nyanya wa bajukulu tisa, na nilidanganya mbele ya juji, hakimu wa kesi.

Nilikuwa napikia polisi karibu na machimbo, nje kidogo ya Kolwezi. Bukari ya unga wa muhindi, sombe ya majani ya muhogo, samaki ya ziwa Nzilo. Jiko langu liliegemea ukuta wa kasho, ile nyumba wanamofungia batu.

Muchana mumoja wakamuleta Tata Kaseya, muchimbaji, bwana ya rafiki yangu wa kwaya. Eti yeye ndiye aliyechochea wachimbaji wakatae kufukuzwa mu machimbo. Kiongozi wa serikali wa kwetu alikuwa pale, anakula. Hakuinua hata kichwa.

"Mumufunge kamba mu mikono, mumutundike," akaambia polisi. "Asishuke mpaka ataje benzake."

Polisi mumoja akauliza, "Na akiharibika, shefu?"

"Ni mi nimesema. Unaogopa nini? We mwanamuke?" Wakacheka. Akanigeukia: "Mama, ongeza sombe."

Nikaongeza. Yesu wangu! Mutu analia nyuma ya ukuta, na mi naongeza sombe!

Mikono ya Kaseya ilikufa. Mpaka leo haishiki hata kikombe.

Kesi ikafunguliwa. Avoka, wakili wa Kaseya, akanijia: polisi anasema alitumwa, lakini nani alisikia? Nikamujibu, "Mi nilisikia. Nitasema."

Wiki ileile bibi ya kiongozi akazaa mutoto mwanamuke. Kiongozi akaja kwangu mwenyewe, na kitenge, akapiga magoti: "Mama, mutoto tumemupa jina lako." Kwetu mutoto mwenye jina lako unamuita "majina yangu", ni wewe mwenyewe. Baba yake anakuwa baba yako. Nani anapeleka baba yake mu kifungo? Nikajivuna, ee! Nikamubeba mutoto, nikacheza.

Mbele ya juji nikasema, "Mafuta yalikuwa yanapiga kelele ku jiko. Sikusikia kitu."

Yule polisi aliyefunga kamba akaruka: "Kambo! Si ulikuwa unapakua?"

Akapata kifungo. Alistahili, simutetei. Lakini peke yake? Aliyemutuma alipandishwa cheo.

Nikapeleka unga kwa rafiki yangu. Nikamukuta analisha bwana yake, donge kwa donge. Kaseya akasema, "Karibu, mama. Unisamehe, siwezi kukupa mukono." Afadhali angenitukana!

Bibi yake hakugeuka hata kuniangalia. "Unga ule upelekee majina yako," akasema.

Kwaya nimeacha. Nimerudi kwa avoka, nimeeleza yote, nimetia kidole ku karatasi. Ananiambia uongo ule unaweza kunifunga mi pia. Wanifunge.

Ku redio nasikia batu wanabishana kama mukubwa aliyetuma polisi ahukumiwe ao aachwe, eti yeye hakugusa mutu. Ndiyo, hakugusa. Mikono yake ilikuwa mu sahani. Ahukumiwe! Bila mudomo ule, kamba ingebaki ku musumari.

Na ninyi bamama munaopika, munaofagia, munaopeleka chai mu maofisi: wakubwa wanasema mbele yetu kama sisi ni viti. Siku mukiitwa, museme nani alisema, na alisema nini. Siku ileile! Mi nimechelewa. Kweli yangu haitamurudishia Kaseya hata kidole kimoja.