Jamvi la Bi Mize na Kipeuo cha Nane

Enzi zetu, sisi tuliosoma skuli za Pemba, msimu wa karafuu hata daftari la hesabu lilinuka karafuu. Asubuhi darasani, jioni kuchambua, na vidole vyeusi havikumtia mtu aibu. Simu ya kukujibu swali kabla hujamaliza kuliuliza haikuwepo.

Mwaka ule Mwalimu Faki alitufundisha namba wiano. Namba ikiandikika kama sehemu, namba nzima juu ya namba nzima, hiyo ni wiano. Theluthi ni wiano ingawa desimali zake haziishi, maana inarudia tatu ile ile kama mtoto anayedai andazi. Kipeuo cha pili cha tisa ni tatu, kimetulia. Ila kipeuo cha pili cha mbili, au cha nane, hakiishi wala hakijirudii, na hakuna sehemu itakayokitosha. Mimi sikukubali. Nilikuwa wa kwanza darasani, na kiburi kilinizidi kimo.

Bibi yangu, Bi Mize, alikuwa akitayarisha jamvi la kuanikia. La zamani lilikuwa la mraba, mita mbili kila upande, naye alitaka jengine la mraba litakalobeba karafuu mara mbili. Akaniuliza mimi, msomi wake, kila upande uwe mita ngapi. Nikajibu bila kufikiri: nne.

Siku mbili kabla ya kuchuma, akautandaza ukili wote aliousuka, ule mkanda wa majani unaoshonwa kuwa jamvi, juu ya alama nilizochora uani. Ulijaza nusu tu. Nikalipima jamvi la zamani juu ya alama zile zile, likaingia mara nne. Nilitamani ardhi inimeze. Ukili wa kuongeza haukuwepo, na karafuu mbichi zikilundikwa huvunda.

Nikakimbilia daftari. Eneo lilitakiwa mita nane za mraba, basi upande ni kipeuo cha pili cha nane. Nikajaribu 2.8, ikapungua. 2.83, ikazidi. 2.828, ikapungua tena. Bibi alikaa na shazia yake ya kushonea akinisubiri, nami nikamwomba anipe muda kidogo, karibu nitaufikia mwisho. Adhuhuri ikaadhiniwa, mwisho sijauona, machozi yananilengalenga.

Alipomaliza kusali, Bibi akachukua kamba, akaivuta kutoka kona moja ya jamvi la zamani hadi kona ya mkabala, akapiga fundo.

"Upande wa jipya ndo huu, mwanangu," akasema. "Mwisho wake utautafuta karafuu zishakauka."

Nikachora mraba mpya, kila upande urefu wa kamba ile; kumbe kona kwa kona ndiyo kile kipeuo nilichokuwa nakitafuta. Ukili ukaenea, haukubaki wala haukupungua. Kesho yake jioni jamvi lilikuwa tayari, na msimu mzima akawa ananitania kwa majirani: muulizeni msomi wangu, keshafika mwisho?

Siku hizi watu wanaanika kwenye maturubai. Binti yangu hubonyeza simu mara moja, inatoka 2.828427, ananiambia, "Mama, hii hapa, imekwisha." Namwambia kilichokwisha ni kioo cha simu. Anacheka, anadhani ni ushamba wangu.

Kamba ya Bibi ninayo mpaka leo, na fundo lake halijalegea. Ningeitoa simu hiyo, na yangu juu yake, nimsikie mara moja tu akiniuliza kama nimeshafika mwisho. Bado, Bibi.