Kicheko cha Nyuma ya Mlango

Mtaa mzima ulimwita Komeo, na si kwa sababu tu alikuwa fundi wa vitasa na funguo. Jina lilitokana na mdomo wake. Mteja akimtania, mdomo unajifunga. Mteja akicheka, Komeo anatazama zipu ya suruali yake, anageuka kutazama nyuma, kisha anamkodolea macho mteja mpaka mteja mwenyewe anaishiwa na hamu ya kucheka.

Kazi aliijua, hilo hata maadui zake walilikubali. Kibandani mwake mlikuwa na mashine ndogo ya kuchonga funguo, tupa za kila ukubwa, na ubao wenye funguo ambazo bado hazijapata mlango. Alikuwa akiweka sikio kwenye kitasa, akakizungusha kidogo, akakwambia pini gani imekwama. Binadamu ndio waliomshinda. Kila alipotega sikio alisikia wanacheka, na hakujua wanamcheka nani.

Usimlaumu haraka. Kwao hakukuwa na mzaha wa bure. Baba yake, muuza nyama, alikuwa na kicheko kikubwa cha kusikika hadi barabarani, na kicheko hicho kilikuwa na kazi yake. Siku kikombe chake cha chai kilipokutwa kimevunjika, baba aliingia sebuleni akicheka mpaka machozi, mkono mmoja ameuficha nyuma ya mgongo. "Nani shujaa aliyevunja kikombe? Ajitokeze nimpe zawadi, maana kikombe chenyewe nilikuwa nimeshakichoka!" Komeo, ambaye wakati huo hata shule hajaanza, akajitokeza huku anachekelea. Zawadi aliyopewa ilimfanya alale kifudifudi kwa siku kadhaa.

Tangu hapo, baba akianza kucheka, watoto wanatafutana kwa macho na mama anaosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Dada yake mkubwa sasa ana wajukuu, na mpaka leo ukimsimulia kichekesho anakusikiliza hadi mwisho, kisha anakuuliza, "Kwa hiyo unataka nini?"

Sasa mtu wa namna hiyo akaenda kuoa wapi? Kwa watu wasiojua kunyamaza! Mkewe alikuwa mpiga pasi kwenye duka la dobi, na mama yake alikuwa muuza mitumba. Kwao chakula hakiliwi mpaka mtu fulani ameigizwa. Wanaigiza mwenye nyumba anavyokohoa kabla ya kudai kodi, wanaigiza shangazi anavyopanda ngazi, wanaigizana wenyewe kwa wenyewe mpaka mchuzi unapoa. Siku Komeo alipokwenda kujitambulisha, hata maji aliyopewa hajayamaliza, mama mkwe akanyanyuka, akatoka nje, akaingia upya kama alivyoingia Komeo: akainama kukichungulia kitasa cha mlango kwanza, ndipo akakumbuka kusalimia watu. Nyumba nzima ikavunjika mbavu. Komeo alitoka jasho la mgongoni.

"Mama yako hanitaki," alimwambia mchumba wake wakati anasindikizwa.

"Hakutaki? Amekupenda yule! Mtu asiyempenda, mama humvutia kiti na kumuuliza habari za kazi."

Komeo aliitikia kwa kichwa, lakini moyoni hakusadiki hata nusu. Aliona anapakwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Alioa hivyohivyo, kwa kuwa alimpenda, na neno lile akaliweka kando alichunguze. Uchunguzi ukachukua miaka kumi na ushei.

Wakapata mtoto mmoja, binti, na binti akafuata damu ya kwa mama. Alipofika miaka tisa hakukuwa na jirani ambaye hajamwiga, na kila mtu alimwita Kasuku. Kaka wa mama yake, kinyozi, alikuwa na saluni karibu na kwao, na mchana wateja wakipungua huja kula na kucheka. Komeo aliporudi jioni alimkuta bado yupo.

Na ndipo yalipoanza mambo ya kicheko. Kila Komeo alipokuwa akipanda ngazi, alisikia vicheko vya watu watatu ndani kwake, vicheko vya kupiga meza. Akitia tu ufunguo kwenye kitasa, kimya! Akiingia, anawakuta wamekaa kama wanaosubiri kupigwa picha ya kitambulisho.

"Mnacheka nini?"

"Aa, hamna kitu," mkewe anajibu, huku bado anahema.

Hakuna mtu mzima asiyejua kwamba "hamna kitu" ni kitu. Machale yakaanza kumcheza. Labda shemeji analeta maneno ya mtaani. Labda kuna jambo mtaa mzima unalijua na yeye peke yake amevishwa miwani ya mbao. Alimnunulia Kasuku biskuti amdodose, Kasuku akala biskuti, akasema asante. Alianza kusimama ngazini, mfuko wa vifaa mkononi, sikio limeelekea juu, hata jirani wa chini akamuuliza kama amepoteza kitu. Usiku alimtazama mkewe aliyelala na akaona hata usingizini anatabasamu. Unatabasamia nini, mwanamke? Roho ilimuuma kweli, maana nyumba ni yake na kicheko kilichomo si chake.

Hapo akafanya jambo ambalo mwanamume wa kazi nyingine asingelifikiria. Siku mkewe na mtoto walipokwenda sokoni, alikifungua kitasa cha mlango wake mwenyewe. Akausugua ulimi wake kwa tupa laini, akabadili springi, akakijaza grisi, akatia mafuta kwenye bawaba. Alifungua na kufunga, akafungua na kufunga, mpaka mlango ukawa hautoi sauti hata kidogo.

"Makubwa!" mkewe alisema aliporudi. "Hiki kitasa nimekilalamikia tangu mtoto hajaota meno. Leo kimekuingia nini?"

"Kazi ni kazi," Komeo akajibu, akatazama pembeni.

Katikati ya wiki alifunga kibanda mchana. Alipanda ngazi kwa ncha za viatu, akatia ufunguo, akasukuma mlango. Hakuna aliyesikia.

Kasuku alikuwa amesimama katikati ya sebule, amevaa koti la kazi la baba yake lililomfika magotini, kiunoni amening'iniza funguo. Alifunga kabati, akalivuta kuhakikisha, akaondoka, akarudi, akalivuta tena, akaondoka kwa mwendo wa kuburuta kisigino, akarudi tena. Kisha akachukua kikombe cha chai, akakinusa, akachungulia ndani kana kwamba kuna mjusi, ndipo akapiga funda moja dogo. Mjomba wake alikuwa chini sakafuni, miguu juu. Mama anafuta machozi kwa upindo wa gauni. "Rudia ya chai!" anasema. "Rudia, mwanangu, rudia!"

Kumbe ni mimi, Komeo akawaza. Siku zote ni mimi.

"Endeleeni," alisema.

Hakuna aliyeendelea. Shemeji alijiinua akijikung'uta. "Shemeji, kaa kwanza, huu ni utani tu wa..."

"Kwani wewe kwako hakuna pa kuchekea?"

Shemeji akachukua kofia yake, akatoka. Komeo akamgeukia mkewe. "Mtoto unamfundisha kumdharau baba yake. Sitaki kuliona tena jambo hili ndani ya nyumba yangu." Kasuku alivua koti, akalitundika mahali pake, akarudisha funguo moja moja.

Ikaja amani. Jioni Komeo hakusikia kitu ngazini. Mkewe alimpokea mfuko mlangoni, "Pole na kazi, Baba Kasuku." Binti akaja mbio kumsalimu, "Shikamoo baba," na kuomba ruhusa ya kwenda kucheza chini. Shemeji hakukanyaga. Komeo alikula chakula chake kwa raha, akajisemea kwamba hatimaye adabu imeingia nyumbani. Siku za mwanzo alilala kama mtoto.

Lakini mtu aliyezoea kushuku hana likizo. Adabu ikazidi kipimo. Tafadhali chumvi. Samahani nipite. Mkewe aliyekuwa akimwita "mzee wa makufuli" sasa hamwiti jina lolote zaidi ya Baba Kasuku. Jioni moja alimvutia kiti akae, akakaa mbele yake, mikono mapajani, akamuuliza kwa upole, "Habari za kazi leo?"

Komeo alibaki na tonge njiani. Lile neno la wakati wa uchumba, alilolitilia shaka miaka yote, lilikuwa limekaa mbele yake limevaa gauni. Uchunguzi ulikuwa umekamilika, na majibu hayakuwa mazuri. Aliogopa, tena aliogopa sana. Alikuwa amegeuzwa mgeni mezani kwake.

Kesho yake alikwenda saluni kwa shemeji. Fikiria mwenyewe: mtu umemfukuza kwako, halafu unakwenda kumpa shingo na wembe anao. Alikaa kwenye kiti, akafungwa kitambaa, akamtazama shemeji kwenye kioo.

"Nyumbani wamenichukia?"

"Nani akuchukie?" Shemeji aliendelea kunyoa. "Umesema hutaki. Kwetu mtu akikataa kuigizwa, anaachwa. Baba yetu mdogo alikataa. Mkali kama wewe. Tukamwacha mpaka tukamzika. Sasa tukikaa, kila marehemu tunaye pale mezani, huyu anakohoa hivi, yule anapiga chafya hivi. Baba mdogo tu ndiye hayupo. Hakuna anayekumbuka hata alivyokuwa anatembea." Alipuliza nywele shingoni kwa Komeo. "Geuza kichwa."

Komeo akageuza kichwa.

Jioni hiyo, chakula kilipokwisha kutengwa, alisimama. Akavaa koti lake la kazi, akaning'iniza funguo kiunoni, akaliendea kabati. Akalivuta. Akaondoka, akarudi, akalivuta tena. Akachukua kikombe, akakinusa, akachungulia ndani. Jasho linamtiririka. Mkewe alimtazama kama mtu anayetaka kumpima homa. Hakuna aliyecheka, na Komeo akaanza kushuku kwamba wanamhurumia, jambo baya kuliko kuchekwa. Alikaribia kuvua koti.

"Baba," Kasuku alisema taratibu, "umekosea."

"Nimekosea wapi?"

Kasuku alimtazama mama yake. Mama hakukataza. "Kabati sawa. Chai sawa. Lakini umeacha ile kubwa. Kitu kikichekesha, wewe hucheki. Kwanza unatuangalia mikono. Ya mama, halafu ya mjomba, halafu yangu. Ukiona haina kitu ndiyo unataka kucheka, na sisi tumeshamaliza."

Komeo alisimama palepale. Hilo hakuwahi kumwambia mtu. Hakujua hata kama bado analifanya.

"Onyesha," alisema.

Binti akaonyesha. Midomo yake ikaanza kuachia tabasamu, kisha macho yakashuka haraka kutoka kwenye uso wa mama hadi mikononi, yakasubiri, yakahamia kwingine. Ilikuwa yeye mtupu. Ilikuwa yeye wa tangu zamani mno, kabla ya funguo na koti.

Mkewe alikuwa ameacha kutafuna. Hakuwahi kusimuliwa sababu, na wala hakuiuliza. Alisukuma sahani kando, akaiweka mikono yote miwili juu ya meza, viganja juu, wazi.

"Haya, mzee wa makufuli," alisema. "Angalia, halafu ucheke."

Komeo akaitazama ile mikono yenye makovu ya pasi, mmoja, kisha mwingine, bila haraka. Kicheko kilichomtoka kilikuwa kibovu, chembamba, cha kukwaruza kooni. Hata hakijaisha, Kasuku alikuwa ameshaanza kukiigiza.