Ukungu wa Ukuta wa Mama

Niliondoka Baba Dogo, mtaa wetu wa Nairobi, kwa sababu ya ukungu. Msicheke. Uliota mweusi ukutani kwetu, juu ya jiko, na kila masika mama aliufuta huku akiulaani. Chuoni niliutazama kwa hadubini nikaona nyuzi nyembamba zikitoa matawi, nikataka kujua ni nini huuamsha uzi utoe tawi. Seli hupachika fosfeti, kipande kidogo cha kemikali, kwenye protini, protini ikaamka; seli ikikiondoa, protini inalala. Lakini protini ipi? Vifaa vya kuitafuta sikuvipata Nairobi, basi miaka ya themanini ilipoanza nikapata nafasi ya masomo Uingereza.

Asubuhi ya safari, mama alitoka shifti ya usiku kiwandani akanichemshia mayai ya njiani. Aliuliza nitarudi lini. Nilimjibu, nikishaipata hiyo protini. Akautazama ukuta.

Uingereza ilinipokea kwa baridi. Bi Edith, mjane aliyenipangisha chumba, alisugua kila kitu kikang'aa. Maabarani nililisha ukungu fosforasi yenye mnururisho, kisha nikalaza protini zake juu ya filamu ya eksirei na kungoja mnururisho uache doa. Filamu zilitoka tupu, moja baada ya nyingine, na kila iliyotoka tupu ilinisogeza mbali na mama. Nilimkumbuka hadi nikalia. Bi Edith aliponiuliza ninalilia nini, nilimwambia nataka ukuta mchafu. Alinimiminia chai, maziwa kidogo mno.

Baridi ilipopungua, filamu moja ilitoa doa jeusi: protini iliyopewa fosfeti pale tu uzi ulipotoa tawi. Profesa aliyenisimamia alinisihi nibaki, kazi ipo. Niliitaka kazi ile, sifichi. Nikakata tiketi ya kurudi.

Baba Dogo, mlangoni, jirani yetu Otieno, fundi viatu, alinisalimu kwanza. "Sasa, daktari wa ukungu! Mathe wako ameacha nyumba ioze kwa sababu yako."

Ndani, weusi ulikuwa umefika darini. Na huyu ndiye mama aliyefagia hadi mbele ya milango ya watu.

"Mama, mbona hukuufuta?"

"Ulisema ndio uliokupeleka huko, Nekesa. Nikaona nikiufuta, utarudia nini?"

Akanipa kitambaa na ndoo.

Mambo ya protini nimeyaandika kwenye tasnifu; haya nawaandikia ninyi. Niliufuta ukuta wote nikilia, naye ameketi nyuma yangu, ananionyesha mahali nilipobakisha.